Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Leo sitasema juu ya chanjo wala maziwa ya mama. Nataka kuzungumza juu ya jiwe.

Mmeliona. Lori linasimama mlimani, taniboi anaruka chini na jiwe mkononi, analisukuma nyuma ya gurudumu kabla dereva hajashuka. Kuzuia gurudumu mlimani si vibaya. Lakini gari ambalo haliwezi kusimama bila jiwe ni gari gonjwa, na kila siku linapelekwa kazini likiwa na ugonjwa wake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika kituo kimoja kando ya barabara kuu, huko Bonde la Ufa. Nililetewa kijana ambaye lori lilimrudia alipokuwa akiweka jiwe. Mguu ulikuwa umepondeka. Mama yake alifika alfajiri, leso imelowa umande, akaniambia, "Sista, aliniambia breki ni mbovu. Mimi nikamwambia avumilie, kazi haipatikani." Nilimpa kiti na chai, lakini jibu sikuwa nalo. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza, uvumilivu huu wa gari bovu tuliutoa wapi?

Wazazi wetu watakumbuka matatu za zamani. Jina lenyewe lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Nyingi zilikuwa magari ya mizigo yaliyozeeka, pikapu zilizowekwa mabenchi ya mbao huko nyuma. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi. Sababu ilikuwepo: mabasi hayakutosha na watu walitafuta riziki. Mimi siwezi kulaumu ruhusa hiyo, kwani bila matatu akina mama wengi wangejifungulia njiani. Lakini gari la kabeji likawa gari la watu, na kwa miaka kumi na zaidi tukazoea. Ilikuwa mwaka wa 1984 ndipo Bunge lilipopitisha sheria ya kuzitambua matatu, zikatakiwa kupata leseni na kukaguliwa.

Kisha zikaja zile kanuni za Waziri John Michuki. Zilitangazwa mwaka wa 2003 na kuanza kutumika Februari 2004. Mnakumbuka siku zile za kwanza, tulivyotembea kwa miguu kwa sababu matatu nyingi hazikuwa na mikanda? Kila mtu alizungumza juu ya mikanda, ule mstari wa manjano, na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Kile ambacho wengi hawakukisikia ni kwamba spidi gavana ilihusu pia malori makubwa ya kazi, si matatu peke yake.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Spidi gavana huizuia injini. Lori likiwa kwenye mteremko na gia imetolewa, si injini inayolisukuma tena, ni uzito wake lenyewe. Gavana haiwezi kuzuia uzito. Katika mteremko wa kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa, madereva wa malori wamelaumiwa mara nyingi kwa kuteremka gia ikiwa "free" ili kuokoa dizeli. Breki za lori hushika kwa kusuguana, na msuguano huleta joto. Zikipata moto kupita kiasi hulegea, hata zikiwa mpya. Zikiwa zimechakaa, hulegea mapema zaidi. Dereva anayeteremka na gia ya chini huisaidia breki, lakini huchelewa, na pengine mwenye gari anamhesabia huko kuchelewa.

Cheti cha ukaguzi nacho, hata kikiwa cha halali, kinaeleza hali ya gari siku ile lilipokaguliwa. Siku nyingine zote za mwaka anayeijua breki ni dereva na taniboi wake, na gari si lao.

Wanaoumia hawako ndani ya gari peke yao. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililobeba kontena liliacha njia likavamia matatu, bodaboda na watu waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Baadaye serikali ilisema masoko yaondolewe kando ya barabara kuu. Ni rahisi kusema. Mwuza nyanya hukaa pale magari yanaposimama, na magari husimama penye makutano na matuta. Lakini mama, kama ni lazima uuze hapo, usikae mahali ambapo mteremko unaishia, wala upande wa nje wa kona. Panda kidogo juu ya ukingo, au ukae nyuma ya mtaro. Na mtoto asilale kwenye katoni mbele ya meza, upande wa lami.

Nirudi kwa yule mama na neno lake la kuvumilia. Mwaka wa 2007 Kenya ilipata Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na mwaka huo huo ile ya fidia kwa wanaoumia kazini. Sheria ya kwanza inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa kazini, na inakataza mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijarekebishwa. Inakataza pia kumfuta mtu kazi kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Najua mtasema, "Sista, hiyo ni ya karatasi." Ni kweli, wengi hufutwa kwa visingizio vingine. Hata hivyo karatasi huanza na karatasi. Mwanao au mume wako akisema nyumbani kwamba breki hazishiki, usimjibu upesi. Muulize amemwambia nani, na lini. Aandike tarehe, nambari ya gari na ubovu wenyewe, nakala moja ampe msimamizi na moja abaki nayo.

Yule kijana hakuwa ameandika popote, na mwenye gari alikana kwamba aliwahi kuambiwa. Siku hizi mama yake anaweka daftari la mdogo wake, naye ni taniboi, katika mkebe ule ule wenye kadi za kliniki za wajukuu.