Gobori, Raifo na Bei ya Kibali: Historia ya Silaha ya Mwindaji wa Kawaida katika Pwani ya Ziwa Victoria, Mwanza, 1875–2015

Ikisiri

Makala haya yanachunguza upatikanaji wa bunduki ya kuwindia kwa mtu wa kipato cha chini katika eneo la Mwanza. Yanadai kwamba gharama ya silaha hiyo iliamuliwa kwanza na sheria, kisha na soko. Tangu mwaka 1890 sheria ilimwachia Mwafrika gobori na kumzuilia raifo. Baadaye kasoro za gobori zikawa hoja ya kumwondoa katika uwindaji halali.

1. Utangulizi

Mkuyuni ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa kitovu cha Jiji la Mwanza. Leo ni mahali pa nyumba zilizosongamana, barabara kuu na soko. Hata hivyo, jina lake, lililotokana na mti wa mkuyu, linakumbusha wakati ambapo ukingo huu wa ziwa ulikuwa wa miti, mashamba na wanyama. Viboko walipanda kutoka majini usiku na kula mazao. Nguruwe pori na nyani waliharibu mihogo na mahindi. Fisi na chui walivamia mazizi. Kwa mkulima wa Kisukuma, kuwinda kulikuwa njia ya kupata kitoweo na pia sehemu ya ulinzi wa shamba.

Silaha iliyomfaa mtu wa namna hiyo haikuwa ya anasa. Ni raifo nyepesi yenye vilengeo vya chuma, yaani kinundu kilichopo mbele ya mtutu na pengo lililopo nyuma yake, ambavyo mlengaji huvipanga katika mstari mmoja na mnyama. Vilengeo hivyo havina kioo cha kuvunjika wala kuingia ukungu, havihitaji fundi wa mbali, na vinatosha kwa masafa mafupi ya vichaka vya Usukuma. Swali la makala haya ni kwa nini silaha rahisi kiasi hicho iliendelea kuwa mbali na mkulima kwa zaidi ya karne moja.

2. Soko la wazi: kutoka Kageyi hadi Mkataba wa Brussels

Kabla ya utawala wa Wajerumani, uwindaji wa tembo katika Usukuma na Unyamwezi ulikuwa kazi ya vyama vyenye miiko na mafunzo, kama vile chama cha bayege. Silaha zao za asili zilikuwa upinde, mishale ya sumu na mikuki. Bunduki zilifuata njia za misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Henry Morton Stanley alipofika Kageyi, mashariki mwa Mwanza, mnamo Februari 1875, alimkuta huko mfanyabiashara Sungoro, ambaye tayari alikuwa na shughuli zake ziwani.

Wingi wa silaha ulitokana na mabadiliko ya majeshi ya Ulaya. Kila majeshi hayo yalipopokea bunduki mpya, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya chini na kusafirishwa hadi Zanzibar. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani hiyo. Kusini mwa ziwa, Charles Stokes, aliyekuwa mmisionari kabla ya kugeukia biashara, alijulikana kwa misafara yake mikubwa na kwa kuwapatia silaha Wakristo wa Buganda katika vita vya 1889–1890. Stokes alinyongwa na ofisa wa Dola Huru ya Kongo mnamo Januari 1895 kwa tuhuma za kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo.

Katika kipindi hiki, aliyekuwa na pembe alipata bunduki. Hata hivyo, soko hilo halifai kusifiwa bila tahadhari. Bunduki hizohizo zilitumika kuteka watumwa, kuvamia vijiji na kumaliza makundi ya tembo. Hoja ya kudhibiti silaha ilikuwa na msingi wa kweli. Kinachohitaji kuchunguzwa ni namna udhibiti huo ulivyogawanya silaha kati ya watu.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki, hasa raifo na silaha zilizoboreshwa, katika eneo lililopo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Silaha zote zilipaswa kuhifadhiwa katika maghala ya serikali. Zilizoruhusiwa kutolewa humo kwa ajili ya biashara ya kawaida ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Raifo ingeweza kutolewa tu kwa mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kwamba haitaingia mikononi mwa mwingine, na kwa utaratibu wa kuandikishwa na kutiwa alama. Kwa maneno mengine, mkataba uliweka daraja mbili za silaha, na daraja hizo zikafuata mstari kati ya mtawala na mtawaliwa.

3. Kasoro za gobori kama zao la sheria

Tofauti kati ya daraja hizo mbili ni ya kiufundi. Mifereji ya raifo huizungusha risasi na kuifanya ishike mstari wake; hivyo vilengeo vya chuma humwezesha mlengaji wa kawaida kumpiga mnyama kwa uhakika katika umbali wa mita 100 na zaidi. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, na mtutu wake ni laini ndani. Hata likiwekewa vilengeo, risasi yake huyumba, kwa hiyo mwindaji hulazimika kusogea karibu sana. Baruti ikilowa, haliwaki. Likifyatuliwa, moshi humziba macho mpigaji, na kulijaza tena huchukua muda ambao nyati aliyejeruhiwa hamwachii mtu.

Matokeo yake yalikuwa wanyama waliojeruhiwa na kukimbilia vichakani, na wawindaji walioumia. Watawala waliyaona matokeo hayo kama tabia ya mwindaji Mwafrika. Kumbe yalikuwa, kwa sehemu kubwa, tabia ya silaha ambayo sheria zao wenyewe zilikuwa zimemchagulia.

Kanuni za uwindaji zilikaza mstari huo. Amri ya Gavana Hermann von Wissmann ya mwaka 1896 ilidai kibali cha kulipia na kuanzisha mapori ya kwanza ya hifadhi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waingereza nao walianzisha Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika mwaka 1919 na kutunga Sheria ya Uhifadhi wa Wanyama mwaka 1921. Tangu hapo bei ya bunduki dukani ikawa sehemu ndogo tu ya gharama. Mkulima wa pamba alipaswa kuhesabu pia kibali cha silaha, leseni ya mnyama, safari za kwenda boma na siku za kungoja jibu.

Ukinzani wa sera hiyo ulionekana waziwazi Shinyanga. Huko, C. F. M. Swynnerton, mkuu wa kwanza wa idara hiyo, aliendesha utafiti wa kupambana na mbung'o. Katika miaka ya 1940 serikali iliendesha jaribio la kuua wanyamapori kwa bunduki ili kumnyima mbung'o chakula. Mnyama yuleyule ambaye mkulima angeshtakiwa kwa kumuua bila leseni aliangushwa kwa amri ya serikali. Kilichotofautisha tendo moja na lingine ni mamlaka ya aliyeshika bunduki.

4. Baada ya uhuru

Uhuru ulibadilisha watawala kuliko muundo wa vibali. Serikali ilisimamisha uwindaji nchini mwaka 1973 na kuufungua tena mwaka 1978, na kati ya miaka hiyo ikatungwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974. Vita vya Uganda vya 1978–1979 viliacha silaha za kijeshi mikononi mwa wezi wa mifugo. Wasukuma na Wanyamwezi walipounda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakujikinga kwa raifo bali kwa upinde na mishale. Tukio hilo ni ushahidi mzito: baada ya takribani miaka tisini ya udhibiti, mhalifu alikuwa na bunduki ya kisasa, ilhali mwanakijiji aliyetii sheria alirudi kwenye silaha ya babu yake.

Operesheni Uhai ya mwaka 1989 ililenga ujangili wa tembo, na umiliki wa silaha ulidhibitiwa upya kwa sheria za 1991 na 2015. Sababu za ukali huo zinaeleweka, kwani gobori na raifo zote zimetumika katika ujangili na ujambazi. Aidha, kanuni za uwindaji wa leseni zinataka bunduki yenye kipenyo kisichopungua inchi .375 kwa nyati, simba na tembo. Takwa hilo humkinga mwindaji na kumpunguzia mnyama mateso, lakini pia huinua bei ya silaha halali mbali na uwezo wa mkulima. Gobori, linalotengenezwa na wahunzi vijijini kwa vipande vya bomba, limebaki kuwa bunduki pekee anayoimudu, na mara nyingi analimiliki kinyume cha sheria.

5. Hitimisho

Historia ya Mwanza inaonesha kuwa unafuu wa silaha si suala la bei peke yake. Raifo yenye vilengeo vya chuma ilikuwapo tangu karne ya 19, na teknolojia yake haikuwa ngumu wala adimu. Kilichoiweka mbali na mwindaji wa kawaida ni mfumo wa vibali uliotenganisha watu kwanza, kisha silaha. Hoja hii haidai kwamba udhibiti ulegezwe. Inadai kwamba mwenye gobori asihukumiwe na mwanahistoria kama mtu aliyechagua silaha duni. Viboko bado wanapanda mashambani katika vijiji vya ziwa hili, na anayelinda mazao yake bado anasimama kati ya hasara ya shamba na hofu ya kushtakiwa. Utafiti wa sera za wanyamapori usiohesabu hasara hiyo utaendelea kuliona gobori na kumsahau mwenye shamba.