Barua Zetu Zitasomwa na Nani?

Kila zama hujiona kuwa zimeandika kuliko zama zilizotangulia. Kwa wingi wa maneno, zama zetu zina haki ya kujisifu hivyo, maana hata mtu asiyependa kuandika huandika kila siku kwa simu yake. Lakini wingi wa maandiko si umri wa maandiko, na historia ya Kiswahili yatufundisha tofauti ya mambo hayo mawili.

Barua kongwe za Kiswahili zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekewa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Hazikuwa tenzi wala vitabu vya dini. Zilikuwa maneno ya watu wenye haja zao za siku zile. Zimehifadhiwa Goa, Uhindi, na mtu mwenye macho na ujuzi wa herufi hizo aweza kuzisoma pasipo chombo kingine.

Ujuzi huo, hata hivyo, haukuwa mdogo. Kiarabu hakina herufi ya p wala ya ch, na alama zake za irabu fupi ni tatu, hali irabu zetu ni tano. Kwa hiyo “penda” na “pinda” ziliweza kuandikwa namna moja, na mwandishi akamwachia msomaji kazi ya kuchagua. Aliyekijua Kiswahili hakupotea sana, kwa sababu maana ya maneno jirani ilimwongoza. Asiyekijua alibaki mlangoni.

Katika karne ya 19 zilikuja herufi za Kirumi. Kitabu cha sarufi cha Edward Steere kilitoka mwaka 1870, na kamusi ya Ludwig Krapf mwaka 1882. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kwa herufi hizo “penda” ilikuwa “penda” na “pinda” ikawa “pinda”. Faida hiyo ni kubwa, wala sitaki kuipunguza. Walakini ilikuwa na gharama yake: wazee waliojua kusoma na kuandika walihesabiwa miongoni mwa wasiojua, kwa kuwa herufi zao hazikuwa herufi za shule na afisi, na wajukuu wakarithi karatasi wasizoweza kuzisoma.

Ujumbe wa kwanza wa simu ya mkononi ulipelekwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Chombo hicho kilikuja na sheria yake: ujumbe mmoja wa herufi za Kirumi ulichukua herufi 160, na wa herufi za Kiarabu ulichukua 70 tu. Mashine ilikuwa imekwisha kukata hukumu juu ya herufi za babu zetu kabla hatujaishika mkononi. Vijana nao wakajifunza kubana maneno. “Sijui” ikawa “cjui”. “Tutaonana” ikawa “2taonana”. Wengi wameyalaumu maandishi hayo kuwa ni uharibifu wa lugha. Mimi nayaona kuwa ni jambo la historia, lipasalo kuchunguzwa kabla ya kukemewa. Herufi c, ambayo haisimami peke yake katika alfabeti yetu, hupewa sauti ya jina lake la Kiingereza, na tarakimu 2 kadhalika. Tazama basi mambo yalivyogeuka: karani wa Kilwa alimtaka msomaji ajue Kiswahili ili azielewe herufi za Kiarabu, kijana wa Dar es Salaam alimtaka mwenziwe ajue Kiingereza ili akisome Kiswahili.

Nilikuwa mwanafunzi katika miaka ujumbe huo ulipokuwa ukienea, na rika langu liliandikiana hivyo mchana na usiku. Salamu, madeni, posa na habari za misiba zilipita humo. Simu zile zimekufa, na maneno yake yamekufa nazo. Barua ya mwaka 1711 ipo. Ujumbe wa mwaka 2003 haupo.

Je, maneno ya kila siku yastahili kuhifadhiwa? Jibu tunalo katika habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalihusu mambo ya mji na majibizano ya watu, nayo yalikaa vichwani mwa waliyoyasikia. Miaka arobaini na kitu baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na W. E. Taylor; na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha. Lau Mwalimu Sikujua angaliona kwamba maneno ya mjini hayastahili wino, tungalibaki na jina la Muyaka bila mashairi yake.

Yuko atakayesema kwamba ujumbe wa simu ni siri ya watu wawili, si mali ya maktaba. Neno hilo ni la haki. Anayekusanya na aombe ruhusa, afute majina, na aache yale yasiyopasa kusomwa na wengine. Yatakayosalia bado ni mengi.

Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya hati za pwani, na mkusanyo huo ukawekwa katika maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Kazi ya namna hiyo yawangoja wanafunzi wa leo, nayo haihitaji safari ndefu. Kila mmoja na aanze kwa jamaa zake: anakili ujumbe kwenye karatasi, ataje mwaka na mahali, na aandike kando maana ya “cjui” na “2taonana” wakati wanaozijua wangali hai; kwani baada ya miaka mia hapatakuwa na wa kuulizwa.