Mas-ala ya Imtihani na Namba 30,240

Miongoni mwa mas-ala wanazopimwa kwazo wanafunzi wa Faraidhi, imo moja ambayo maulamaa waliipa jina la Imtihani. Huulizwa hivi: mtu amefariki na ameacha makundi ya warithi, hakuna kundi lililofika watu kumi, vipi basi mirathi yake isigawike sawasawa mpaka ipite mafungu thelathini elfu?

Warithi wenyewe ni wake wanne, mabinti watano, mabibi saba wa daraja moja na ndugu wa kiume tisa wa kwa baba. Wake wana thumuni, mabinti thuluthi mbili, mabibi sudusi, na ndugu ni asaba, wanachukua kilichobaki. Asili ya mas-ala ni 24: wake 3, mabinti 16, mabibi 4, ndugu 1. Hakuna hata kundi moja ambalo fungu lake linawagawikia watu wake bila ya kukatika. Tukizitazama idadi za vichwa, yaani 4, 5, 7 na 9, tunakuta baina yao pana tabayuni. Hakuna mbili zinazogawika kwa namba moja isipokuwa 1. Basi huzidishwa zote zikawa 1,260, na 1,260 mara 24 ni 30,240. Kila mke atapata 945, kila binti 4,032, kila bibi 720, kila ndugu 140. Wala hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayompa kila mmoja haki yake nzima.

Tukumbuke kwamba Imam Malik harithishi mabibi zaidi ya wawili, wala Imam Ahmad zaidi ya watatu. Na hata katika madhehebu yetu ya Shafi, mabibi saba wa daraja moja ni wa kizazi cha saba kwenda juu, na nani amewahi kumwona bibi yake wa namna hiyo? Hii ni mas-ala ya darasani.

Namba yenyewe ina ajabu nyingine. Inagawika kwa namba 96, na ukizijumlisha zote, pamoja na yenyewe, unapata 120,960, mara nne yake barabara. Wayunani walizijua namba kama 6 na 28, ambazo jumla ya vigawo vyake ni mara mbili yake, wakaziita kamilifu. Hii ya mara nne, iliyo ndogo kuliko zote za aina yake, aliitaja Descartes wa Ufaransa mnamo 1638. Hatusemi kuwa mafakihi waliikusudia sifa hiyo, wala hatupendi mtindo wa kutafuta miujiza katika kila hesabu. Wao walikuwa wakitafuta haki ya mrithi.

Na haki hiyo leo inapotea kwenye kikokotoo. Tuseme mali ni shilingi 30,240,000, deni na wasia vimekwishatolewa. Mgawaji akiandika asilimia kwa tarakimu mbili baada ya nukta, mke ataandikiwa 3.13 na ndugu 0.46. Kila mke atapokea 946,512 badala ya 945,000, yaani 1,512 zisizo zake. Kila ndugu atapokea 139,104 badala ya 140,000. Wote tisa watakuwa wamepungukiwa 8,064, na mezani zitabaki 9,072 zisizo na mwenyewe, ilhali kila mmoja ana fungu lake maalumu.