Kitambaa cha Kochi Kilikuwa cha Nani?
Siku hizi ukipatikana na vitambaa vya kufuma juu ya makochi, unaambiwa huo ni ushamba. Lakini haohao wanaocheka wamenunua zile kava za lastiki zinazomeza kochi zima, wakaziita mtindo mpya. Upya uko wapi?

Uingereza ya karne ya 17 ilizimia pamba ya maua kutoka India. Kiti cha kawaida kikivishwa nguo ile kilipanda cheo papo hapo. Wafumaji wa sufu na hariri wakaona soko lao linakufa, wakapiga kelele, na sheria ya 1721 ikapiga marufuku sehemu kubwa ya pamba hiyo, kwa mavazi na kwa fanicha. Ilifutwa 1774. Yaani bunge zima liliketi kujadili kiti chako kimevaa nini.

Baadaye, karne ya 19, wanaume wakawa wanapaka nywele mafuta ya Macassar, yenye jina la bandari iliyoko Indonesia ya leo. Migongo ya viti ikachafuka, basi kikatandikwa kitambaa cha kufuma pale kichwa kinapoegemea. Ukoo wa kitambaa cha sebuleni kwenu unapitia hapo.

Kwetu kilikuja na wamishonari, waliofundisha wasichana sindano pamoja na sala. Ila Kenya ya kati ina hadithi yake. Hali ya hatari ilitangazwa 1952, na mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikaanzisha Maendeleo ya Wanawake. Klabu zake zilifundisha upishi, usafi, kushona na kufuma. Nia nyingine haikufichwa sana: kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Kuanzia 1954, watu zaidi ya milioni 1 wakahamishiwa vijiji vya lazima, vyenye mahandaki na walinzi. Hebu fikiria mama ambaye mumewe yuko kizuizini, mikono ina malengelenge ya kuchimba handaki, halafu anaambiwa aketi afume ua.

Cucu wangu alijifunza kufuma akiwa msichana, ndani ya kijiji cha namna hiyo huko Nyeri. Klabu hakuipenda, na hadi leo akiitaja anakunja uso. Uzi aliupenda. Nadhani najua sababu. Miaka ileile ya 50 mashamba yalikuwa yanapimwa na kuandikishwa, na hati nyingi mno zikatoka kwa majina ya wanaume. Shamba la kwetu lilikuwa la guka. Ng'ombe wa guka. Makochi pia, maana ndiye aliyemlipa fundi. Vitambaa vilikuwa vya cucu. Alivifuma usiku kwa taa ya mafuta, akawauzia walimu na wake wa machifu seti kwa seti, na pesa hizo hazikupitia mfuko wa mtu mwingine. Karo ya mama yangu ilitoka humo.

Tena kitambaa kilikuwa na kazi ya kuficha. Pasua kochi la bei rahisi la barabarani uone: mbao ambazo hazijapigwa randa, mikanda ya raba, gunia, kisha sponji. Mgeni haoni hayo. Anaona weupe, na weupe unamwambia kuna mtu hapa ana muda, ana sabuni, na ana mkono.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilihamia bedsita huku Kasarani, na kochi la mkono wa pili lenye doa ambalo sikutaka kujua chanzo chake. Cucu akanitumia vipande 5 kwa matatu, vimekunjwa ndani ya mfuko wa unga. Akanipigia kuniagiza niloweke kwanza, nisisugue, na nisianike juu ya waya wenye kutu. Hakuniuliza narudi chuo lini.