Haki ya Kufunika Kichwa

Kuna picha za zamani za Unguja ambazo siwezi kuzipita haraka. Zilipigwa mwanzoni mwa karne ya 20 na studio za mjini, ya akina Gomes na ya ndugu Coutinho, zikauzwa kama kadi za posta. Wanawake wawili watatu wamesimama wakimtazama mpiga picha. Kila mmoja amejifunga kanga kifuani, na ya pili ameitupia begani au ameivuta kichwani. Nywele zimesukwa mistari myembamba inayokimbilia kisogoni. Masikioni wametia majasi, vile visahani vya karatasi za rangi zilizoviringishwa zikakazwa ndani ya ndewe. Hawacheki. Wamesimama kama watu walioitwa kutoa ushahidi.

Mgeni aliyeinunua kadi ile aliona urembo wa kigeni wa kumpelekea ndugu yake Ulaya. Mimi huwa natazama ile kanga ya kichwani. Miaka michache tu kabla ya picha hizo, wanawake wengi wa kisiwa hicho walikuwa mali ya watu, na mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa mbele ya bwana wake.

Tuanze na nguo walizovaa kabla ya hapo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, bandari ya jimbo la Massachusetts, zikazoea njia ya Unguja. Zilikuja kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Zilicholeta zaidi ya kitu kingine chochote kilikuwa kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi. Watu wa pwani wakakiita merikani, kwa jina la nchi kilikotoka. Kilipendwa kwa sababu kilidumu, na misafara ikakibeba hadi Tabora na Ujiji, ambako kilitumika kama fedha.

Tujiulize pamba yenyewe ilitoka wapi. Ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa na wasichana wa viwanda vya kaskazini, ikavushwa bahari mbili, ikaishia kiunoni mwa mtumwa aliyekuwa akichuma karafuu Unguja na Pemba. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja chini ya bwana wake, waliunganishwa na uzi mmoja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba ikaadimika, na bei ya merikani ikatikisika mpaka huku kwetu. Baadaye viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaichukua nafasi ile.

Merikani ikichovywa kwenye nili mpaka iwe nyeusi, iliitwa kaniki. Hilo ndilo lilikuwa vazi la mjakazi wa shamba na wa jikoni: pande moja, linafungwa chini ya kwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu bila viatu. Mtumwa mwanamume alijifunga shuka kiunoni. Muungwana alivaa kanzu, kofia na makubadhi, na Mwarabu mwenye daraja akaongeza joho, kilemba na jambia. Mabibi wa majumba makubwa walivaa suruali na marinda, na barakoa usoni. Huko Lamu bibi muungwana akitoka alitembea ndani ya shiraa, hema la nguo lililoinuliwa kwa miti, na walioishika ile miti walikuwa wajakazi. Bibi hakuonekana hata kidole. Aliyembebea pazia aliangaliwa na kila mpita njia.

Siku hizi tumezoea kuuliza kama mwanamke analazimishwa kujifunika, na mara nyingi swali hilo lina haki yake. Pwani ya karne ya 19 ilikuwa na swali jingine. Kuachwa wazi kulikuwa alama ya kwamba mwili wako si wako. Wanunuzi wa soko la watumwa walimfungua mtu mdomo na kumpapasa misuli. Soko hilo la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, wakati wa utawala wa Sayyid Barghash, lakini utumwa wenyewe ukaendelea mashambani na majumbani. Kustiriwa kulihesabiwa kuwa heshima, na heshima ilikuwa na wenyewe.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi amri ya kuondoa utumwa. Amri ile ilikuwa na ubahili wake. Mtumwa hakuachwa huru papo hapo. Ilimbidi aende mahakamani kuomba, na aonyeshe kwamba ana pa kukaa na kazi ya kumlisha. Asipokuwa navyo angeweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Aliyefanya kazi miaka yote ile hakulipwa chochote. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909.

Basi watu walitoka kwenye chumba cha mahakama na karatasi mkononi, wengi wao wasioweza kuisoma. Mtaani karatasi haionekani. Jirani haulizi cheti. Anatazama umevaa nini. Ndiyo maana naamini kwamba kwa wengi uhuru ulithibitishwa dukani, kwa Mhindi muuza nguo, zaidi ya ulivyothibitishwa mahakamani. Wanaume waliokuwa watumwa walishona kanzu na kununua kofia. Wanawake waliiacha kaniki, wakanunua kanga.

Kanga ilikuwa ngeni wakati huo. Wanawake wa mjini walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mkononi ambavyo jina lake tulilipata kwa Wareno. Viliuzwa vikiwa bado havijakatwa, kama jora. Mwanamke alichukua leso sita, akakata tatu kwa tatu, akaziunganisha mbavu kwa mbavu, akapata nguo moja pana ambayo hapakuwa na nyingine kama hiyo. Wafanyabiashara wakaona faida, wakaagiza nguo za kipimo hicho zikiwa tayari zimechapwa. Miundo ya mwanzo ilikuwa na madoa meupe kama ya ndege kanga, na jina likashika. Mombasa mpaka leo watu wanasema leso.

Itandike kanga uiangalie. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani msemo ulioandikwa. Inauzwa kwa doti, nguo mbili zilizoungana, unazikata na kuzipinda mwenyewe au unampelekea fundi. Hapo kwenye mbili ndipo penye siri. Kaniki ilikuwa moja. Doti ina ya kujifunga na ya kujitanda, na aliyekuwa mjakazi jana, leo ana cha kichwani. Siyo kitambaa kilichobaki wala tambara la kubebea kuni. Ni nguo iliyotengenezwa makusudi ili yeye ajifunike.

Tena ilikuwa na rangi. Miaka ya mjakazi ilikuwa ya rangi moja, na nili ya bei rahisi huachia, ikapaka ngozi. Sasa alichagua nyekundu, manjano, bluu, kisutu cha harusi chenye wekundu, weusi na weupe. Wauzaji wa Ulaya, wa Manchester na Uholanzi na kampuni za Kijerumani za Unguja, walihangaika kuyafuata mapenzi ya wanawake hawa. Muundo ulioagizwa kwa hesabu kubwa uliweza kufika bandarini ukakuta umekwisha kuchuja, na shehena nzima ikadoda. Watu waliokuwa wakipangiwa nguo sasa waliwafanya matajiri wa ng'ambo wasilale.

Jina la kanga lilikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kwenye mtaa wa Biashara mjini Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, linatajwa sana katika habari hiyo. Kanga zake zilitoka na chapa ya “Mali ya Abdulla”. Kwa jina, mwanamke aliweza kumjibu mke mwenza, wifi au jirani bila kufungua kinywa, na aliyetupiwa hakuwa na pa kushitaki, kwa kuwa ni maneno ya nguo tu.

Sitaki kuipamba historia hii kupita kiasi. Kanga iligharimu fedha, na fedha ya kibarua, mfua nguo au mchuma karafuu ilikuwa ndogo. Wapo waliokopa. Wapo waliodharauliwa kwa kuja ngomani na kanga ya msimu uliopita. Vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilishindana kwa sare, na asiyeweza kununua sare alibaki pembeni. Walioiacha kaniki hawakuondoa ngazi ya uungwana. Waliipanda, na kaniki ikabaki chini kabisa kama tusi la kumtupia aliyechelewa. Hilo linaniuma, lakini sioni jinsi ningeweza kuwalaumu. Mtu aliyezuiwa mlango maisha yake yote, ukifunguka kidogo ataingia kabla hajauliza nani amebaki nje.

Maskani yao yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ulioutenga Mji Mkongwe na mashamba. Humo walikaa Wayao, Wanyasa, Wamanyema, Wazaramo, watu walioletwa kwa nguvu na wazao wao. Wakaanza kujiita Waswahili. Kisha neno hilo nalo likachafuka, likawa linanong'onwa kwa maana ya mtu asiye na ukoo, wengi wakalikimbia. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 waliojiandikisha kwa jina hilo walipungua mno, na Ushirazi, dai la asili ya Uajemi, ukawavuta wengi. Jina lilibadilishwa kama vazi, kwa haja ileile.

Buibui liliingia katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne. Ni joho jeusi la kichwani mpaka miguuni, na wengi huliunganisha na Hadhramaut, kusini mwa Arabuni. Wanawake wa Ng'ambo walilipokea kwa shauku, na kufikia miaka ya 1930 lilivaliwa na tabaka zote. Tazama lilivyofanya kazi. Mjukuu wa mjakazi na binti wa nyumba ya kisultani wakipita Darajani jioni, kwa mbali walikuwa vivuli viwili vilivyofanana. Matajiri walitafuta hariri nyororo zaidi, viatu vizuri zaidi, udi wa thamani zaidi, ili tofauti isipotee. Hata hivyo ilibidi usogee karibu ndipo uitambue. Weusi wa kaniki ulikuwa umemtangaza mvaaji kwa kila mtu. Weusi wa buibui ulimwachia aamue nani amjue.

Yote haya yalimpata mwanamke mmoja tunayemfahamu kwa jina. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu na mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa watumwa, nao wakamwita Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Alifinyanga na kuuza vyungu, akitembea kijiji hadi kijiji akivinadi, na watu walianza kumjua kwa sauti kabla ya kumwona. Mwaka 1911 alihamia mjini. Wanamuziki wakamfunza kuimba kwa Kiarabu, naye akaimba pia kwa Kiswahili, kwenye harusi, majumbani, hata mbele ya Sultani. Jina la Mtumwa likavuliwa. Akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Mahasidi hawakumvumilia. Walimtungia wimbo uliomkumbusha kwamba aliingia mjini na kaniki na kuhoji utu wake ameupata lini. Hawakusema kwamba anaimba vibaya, wasingeweza. Walishika nguo, na walishika sura, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mzuri kwa vipimo vya siku zile, vipimo vilivyopendelea weupe wa ngozi na pua ya Kiarabu. Alijibu kwa wimbo. Alisema uzuri wa uso si hoja, ukubwa wa jadi si hoja, na hasara ya kweli ya mtu ni kukosa akili. Mwandishi Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti hakulikwepa suala la sura. Alilikabili, akampima kwa tabia na kipaji.

Ninavyolisoma jibu lile, Siti hakusema kwamba naye ni mzuri. Hakudai nafasi kwenye mizani ya waliomtukana. Aliikataa mizani. Mwenzake wa Ng'ambo aliyenunua doti yake ya kwanza alikuwa anaomba apimwe sawa na waungwana, na lilikuwa ombi la haki. Siti alikwenda hatua moja mbele.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri. Zilipofika, ziliuzwa pwani yote na bara, zikapigwa kwenye mikahawa ya Ng'ambo, watu wakijaa mpaka barazani. Kinanda kilipigwa ufunguo, sindano ikawekwa, sahani nyeusi ikaanza kuzunguka. Waliokaa na vikombe vyao vya kahawa hawakuona uso wake, wala ngozi yake, wala alichovaa. Walisikia binti wa Fumba akiimba, na walipoichukua sahani wakaitazama katikati, jina lililoandikwa pale lilikuwa Siti.