Mfamasia Kabla ya Jina Lake: Dawa za Malale na Utunzaji wa Mgonjwa West Nile

Historia ya famasia nchini Uganda huandikwa kwa kufuata sheria na taasisi: Sheria ya Famasia na Dawa ya mwaka 1970, kuanza kwa mafunzo ya shahada ya famasia Makerere mwaka 1988, kisha kuundwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa na Bohari ya Taifa ya Dawa mwaka 1993. Historia hiyo ni sahihi, lakini ni historia ya Kampala na Entebbe. Anayeisoma akiwa Abuku, kaunti ndogo ya Koboko, wilaya inayopakana na Kongo na Sudan Kusini, haoni humo mgonjwa wala kitanda. Makala haya yanadai kwamba kazi ambayo leo huitwa ya mfamasia wa kitabibu, yaani kulinganisha dawa na mwili wa mgonjwa fulani, kuchunga madhara yake na kugundua inaposhindwa, ilifanyika West Nile na wauguzi, matabibu na watunza rejesta wasio na cheo hicho. Ushahidi mkubwa ni tiba ya malale katika kituo cha Omugo.

Neno lenyewe limechangia kuificha kazi hiyo. Katika Kiswahili cha kila siku mfamasia ni mtu wa dukani: anapokea cheti, anahesabu vidonge, anaandika kwenye bahasha. Jina linamfunga nyuma ya meza. Kwa hiyo mtu anayesimama wodini akiuliza kama dozi inalingana na uzito wa mgonjwa huonekana anaingilia kazi ya daktari.

Malale, kuliko ugonjwa mwingine wowote ninaoufahamu katika eneo letu, unaonyesha kwa nini swali hilo ni la uhai. Dawa zake za mwanzo zilikuwa sumu zilizopimwa. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki. Alipoongeza kipimo, wagonjwa 22 walipofuka. Miongo minne baadaye, mwaka 1949, ikaja melarsoprol, nayo ya aseniki. Hiyo ndiyo iliyotumika West Nile hadi mwishoni mwa karne kwa wagonjwa ambao vimelea vilikuwa vimeshafika kwenye ubongo. Iliyeyushwa katika kimiminika kinachoharibu plastiki, kwa hiyo ilihitaji sindano ya kioo. Ikivuja nje ya mshipa iliunguza nyama. Takribani mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe, ubongo ukivimba katikati ya tiba. Muuguzi aliyeidunga alipaswa kutofautisha homa ya ugonjwa na homa ya dawa, na kuamua kama sindano ya kesho iendelee au isimame.

Ugonjwa ulirudi kwa nguvu kwa sababu za kisiasa. Baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka mwaka 1979 na vita kuingia Koboko na Arua kuanzia Oktoba 1980, sehemu kubwa ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Mashamba yakawa msitu, na mbung'o wakapata kivuli kando ya mito. Watu walipoanza kurejea katikati ya miaka ya 1980, walirejea kwenye malale. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Moyo mwaka 1986, na mwaka 1995 wakaanza Arua, kituo kikiwa Omugo. Wilaya ya Koboko ilikuwa bado haijakatwa kutoka Arua. Hilo lilifanyika mwaka 2005. Mtu wa Abuku na mtu wa Omugo walikuwa wa wilaya moja, ingawa Kikakwa na Kilugbara ni lugha za koo mbili zisizosikilizana.

Hapo Omugo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Mgonjwa aliyemaliza sindano hakuhesabiwa kuwa amepona. Aliitwa kurudi kwa miaka miwili, na kila mara maji ya uti wa mgongo yalichukuliwa na kuhesabiwa chembe nyeupe. Ni kazi ya kuchosha: kumtafuta mtu kijijini, kumshawishi akubali tena kutobolewa mgongo ilhali anajiona mzima, kuandika tarehe na hesabu mstari kwa mstari. Rejesta hizo zilipopitiwa, zilionyesha kwamba miongoni mwa waliotibiwa kwa melarsoprol katikati ya miaka ya 1990, zaidi ya mmoja kati ya wanne walikuwa wamerudiwa na ugonjwa. Dawa iliyokuwa ikiua baadhi ilikuwa pia imeacha kuponya wengi, na jambo hilo lilifahamika kwa daftari lililotunzwa kando ya kitanda. Historia ya famasia inayoanza na leseni haina mahali pa kuliweka daftari hilo.

Mbadala, eflonithini, ulikuwepo, lakini utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 1995 kwa kuwa wagonjwa wa malale hawana fedha. (Dawa hiyohiyo ilipata soko baadaye kama mafuta ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake, msomaji na ajipimie mwenyewe.) Makubaliano kati ya Shirika la Afya Duniani na kampuni ya Aventis mwaka 2001 yaliirudisha. Mwaka huohuo Omugo ilianza kulinganisha michanganyiko mitatu ya dawa. Jaribio lilisimamishwa baada ya wagonjwa 54 tu, kwa sababu melarsoprol pamoja na nifurtimoksi ilidhihirika kuwa ya hatari mno. Lakini mchanganyiko wa nifurtimoksi na eflonithini, usio na aseniki, uliponya asilimia 94.1 ya waliopewa. Majaribio makubwa zaidi yalifuata katika Kongo zote mbili, na mwaka 2009 mchanganyiko huo ukaingizwa katika orodha ya dawa muhimu duniani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina hii si tatizo tena la afya ya umma nchini Uganda.

Mimi ni mtafiti wa lugha, na kuna jambo moja katika mabadiliko hayo linaloniangukia. Eflonithini peke yake ilihitaji dripu 56 kwa siku 14, moja kila baada ya saa 6, usiku na mchana. Mchanganyiko ulipunguza dripu kuwa 14 kwa siku 7, lakini uliongeza vidonge vya nifurtimoksi kila baada ya saa 8 kwa siku 10. Feksinidazoli, iliyopendekezwa na Shirika hilo mwaka 2019, ni vidonge vitupu, navyo lazima vimezwe pamoja na chakula, la sivyo mwili hauvipokei vya kutosha. Kadiri sindano zilivyopungua, ndivyo maneno yalivyobeba sehemu kubwa zaidi ya tiba.

Maneno yetu hayajawa tayari. Bahasha za dawa Afrika Mashariki husema "kutwa mara tatu". Mzungumzaji mzawa wa pwani anajua kwamba kutwa ni mchana hadi jua lichwe, na kucha ni usiku hadi alfajiri. Akifuata bahasha kwa uaminifu, atameza dozi zote tatu kabla ya magharibi na kuuacha usiku mtupu. Huko Koboko, ambako Kiswahili kilifika kwa askari na kwa vibarua waliotoka mashamba ya miwa ya kusini, na ambako anayekizungumza ana Kikakwa, Kilugbara au Kinubi nyumbani, kutwa inaweza kueleweka kuwa siku nzima ya saa 24, ambayo kwa bahati ndiyo maana aliyoikusudia mwandishi wa dawa. "Baada ya chakula" nayo si sawa na "pamoja na chakula". Ya kwanza inaruhusu saa mbili zipite.

Kwa sababu hiyo napendekeza istilahi *mfamasia wa wodini* badala ya *mfamasia wa kitabibu*. Ya pili inatafsiri cheo. Ya kwanza inataja mahali mtu anaposimama, na kutoka hapo ndipo anaweza kumsikia mgonjwa akieleza, kwa lugha yake, alimeza saa ngapi.