Kinyago cha Ujamaa: Sanaa Iliyozaliwa Ugenini

Tunapoadhimisha Uhuru uliopatikana tarehe 9 Desemba 1961, tukumbushane historia ya kitu ambacho wengi wetu tunacho nyumbani: kinyago cha Kimakonde. Kipo juu ya kabati au kando ya televisheni, na watoto wakiuliza ni nini, tunawajibu kwamba ni sanaa ya mababu. Jibu hilo si la uongo, ila halijakamilika. Kinyago tunachokifahamu zaidi, kile cha watu wengi waliobebana katika gogo moja, hakijafikisha miaka mia. Tena kilianzishwa na watu waliokuwa mbali na kwao, kama tulivyo sisi.

Wamakonde ni watu wa pande mbili za Mto Ruvuma. Kaskazini wapo katika uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Kusini wapo katika uwanda wa Mueda, Msumbiji. Hata simulizi ya asili yao inaanza na uchongaji. Mtu aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mwanamke, na sanamu ile ikawa mtu hai, akawa mke wake. Watoto waliowazaa bondeni karibu na mto walikufa. Aliyezaliwa juu uwandani akaishi. Ndiyo sababu, wasema wazee, Wamakonde wanakaa juu.

Uchongaji wa zamani ulikuwa wa matumizi ya kwao wenyewe. Walichonga vifuniko vya vikopo vya dawa na ugoro, sanamu za mama, na hasa vinyago vya kuvaa kichwani viitwavyo mapiko; kimoja ni lipiko. Hivi vilichongwa kwa mti mwepesi, mahali pa siri, na kuchezwa vijana walipotoka jandoni. Havikuwa vya kuuzwa.

Mabadiliko yaliletwa na safari. Kazi za kulazimishwa na kodi za Wareno ziliwafanya Wamakonde wengi wa Msumbiji wavuke Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na wengine wakafika hadi Kenya. Baadhi yao waliingia Dar es Salaam wakachonga mpingo ili wauze. Mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mohamed Peera, alinunua kazi zao na kuwahimiza. Mwaka 1959 Samaki Likankoa alichonga umbo ambalo halikuwa binadamu wala mnyama, na huo ndio mwanzo wa mtindo wa shetani. Katika miaka hiyohiyo Roberto Yakobo Sangwani, naye kutoka Msumbiji, alichonga kundi la watu waliombeba juu mwenzao aliyeshinda mieleka. Mtindo huo uliitwa dimoongo, yaani nguvu. Siasa ya Mwalimu Nyerere iliposhika, watu wakauita ujamaa.

Tutafakari hapo. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, lakini Wamakonde hawa hawakuacha asili. Walikwenda na tezo na patasi zao, wakachonga yale waliyoyaona katika maisha mapya: kubebana na kushikana ili asianguke mtu. Ugeni ulikuwa na uchungu wake pia. Wale waliofika Kenya waliishi kwa vizazi bila vitambulisho vya uraia. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la nchi hiyo.

Leo kinyago kimekuwa bidhaa, na si kila kilicho cheusi ni mpingo. Mpingo halisi ni mzito kiasi kwamba huzama majini, na mti wake huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa. Ndio huohuo unaotengenezewa klarineti ambazo watoto wetu hujifunza kupiga shuleni huku ugenini. Vingine ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu.

Kuna pengo kubwa kuliko hilo. Vinyago vingi tulivyo navyo havina jina la aliyevichonga. Mwaka 1984 lipiko moja iliibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ikaja kuonekana katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva. Mei 2010 ilirudishwa Tanzania, kwa kuwa ilijulikana ilikotoka. Je, chetu cha kabatini kikipotea, nani atasema kilitoka wapi?

Kwa hiyo, ndugu zetu, mkienda likizo na kupita Mwenge kununua kinyago, msiishie kwenye bei. Muulizeni mchongaji jina lake, kijiji chake, na kile alichokichonga. Liandikeni jina hilo chini ya kinyago, pamoja na mwaka. Siku mtoto atakapouliza ni nini, awe na mtu wa kumtaja.